Bolti Kwenye Mfuniko

Valvu ilikuwa chini ya nyundo. Fundi aliinyanyua nyundo ili anyooshe ukingo wa sufuria iliyobonyea, akaiona pale mezani, bado imo ndani ya kijifuko chake cha plastiki, ndogo kama kifungo cha shati. Aliitazama. Akairudisha nyundo chini taratibu, na mkono uliokuwa umeishika ukabaki hewani, haujui uende wapi.

Alijua mara moja ni ya nani. Ilikuwa ya sufuria ya presha ya yule dada wa asubuhi, na yule dada alikuwa ameondoka na sufuria yake yapata saa mbili zilizopita. Mahali ilipotakiwa kukaa valvu palikuwa na bolti.

Asiyeijua sufuria ya presha aelezwe, maana bila hilo hataelewa kwa nini mtu mzima wa miaka hamsini na minne alikaa ghafla juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mfuniko wa sufuria hiyo una matundu mawili. Kwenye tundu la kwanza kimesimama kibomba, na juu ya kibomba kinakaa kile kizito ambacho watu hukiita filimbi, kinachocheza na kupiga kelele mvuke ukizidi. Tundu la pili ni la valvu ya usalama. Hiyo haina kelele wala mbwembwe. Inaweza kukaa kimya miaka kumi, lakini siku kibomba kikiziba kwa ganda la haragwe, ndiyo inayofyatuka na kuuachia mvuke njia. Dari inachafuka, watu wanabaki na nyuso zao. Bolti haifyatuki. Kibomba kikiziba na mahali pa valvu pana bolti, kitakachofyatuka ni mfuniko wenyewe.

Na ya dada huyu ilikuwa imeshafyatuka wiki iliyopita. Jana aliileta sufuria ndani ya mfuko, ameishika mbali na mwili kama mtu aliyebebeshwa paka asiye wake. "Sitaki hata kuiona," alisema. "Niambie tu pa kuitupa." Fundi, kwa mdomo wake mwenyewe, akamzuia.

Pale sokoni, penye kibanda chake, kila mtu aliijua orodha ya Fundi. Aliitoa bure, hata kwa asiyeiomba. Nyumba ya mtu wa kawaida, alisema, inataka visu viwili tu, kirefu na kifupi, na vyote viwe vikali. Kibao kizito kisichoteleza. Sufuria tatu zenye mifuniko inayokaa. Kikaango kimoja cha chuma ambacho kikidondoka sakafu ndiyo inayoumia. Chungio, mwiko na upawa. Vingine vyote ni mapambo ya kabati. Alikuwa ameshawahi kumzuia bibi harusi asinunue seti ya visu kumi na viwili, na Mama Bakuli, aliyeuza vyombo katika kibanda cha jirani na ndiye aliyekuwa akimuuzia, hakusema naye siku mbili.

Lakini kwa dada yule aliongeza chombo cha mwisho. "Hii ndiyo inayokurudishia muda wako, dada. Ukiitupa, umetupa saa mbili za kila siku. Imefyatuka kwa sababu ilikuwa nzima, imefanya kazi yake. Nikikuwekea valvu nyingine na mpira mpya wa mfuniko, itakuwa salama kuliko kikaango chako." Dada akamtazama kwa muda, akamwamini. Hilo ndilo lililokuwa likimchoma sasa, kwamba aliaminiwa.

Bolti aliitia mwenyewe, na kwa kufuata utaratibu. Alikuwa na namna yake ya kupima mpira mpya, ambayo mafundi wengine waliicheka kwa kuwa ilikula muda. Aliziba tundu la valvu kwa bolti na nati, akafunga mfuniko, akaunganisha pampu ya baiskeli kwenye kibomba, kisha akazamisha sufuria nzima ndani ya karai la maji na kupampu huku akitafuta mapovu. Likitoka povu moja, mpira ulirudi dukani. Asubuhi hiyo halikutoka hata moja. Alichomoa pampu, akashika spana ili aitoe bolti, na hapo ndipo dada alipofika, ana haraka, anaangalia saa. Maharage yameloweka tangu jana, alisema, na nyumbani wanakula saa saba.

Fundi alikuwa na udhaifu mmoja: hakupenda kumkabidhi mtu chombo kisichong'aa. Aliiweka spana chini, akachukua kitambaa, akaisugua sufuria mpaka dada akajiona uso ubavuni mwake. Dada alicheka, akasema imekuwa mpya, akaondoka nayo. Bolti nayo aliisugua.

Sasa ilikuwa saa nne na dakika kumi.

"Una nini?" Mama Bakuli aliuliza kutoka kibandani kwake. "Umekaa kama mtu aliyetapeliwa."

"Nimesahau valvu."

"Valvu gani?"

"Ya sufuria ya presha. Ya yule dada wa asubuhi. Nimemwachia bolti."

Mama Bakuli alikuwa akipanga mabeseni kwa rangi, na hakuacha kupanga. "Si atarudi."

"Atarudi na uso gani?"

Hapo aliacha. Alitazama huku na huku, akasogea karibu, akashusha sauti. "Sikiliza, kaka. Filimbi yake si inafanya kazi?"

"Inafanya. Kibomba kikiziba haifanyi."

"Na kinaziba kila siku?"

"Kimeziba wiki iliyopita."

"Basi ndiyo kimeshaziba, kimemaliza," alisema, lakini hata yeye aliona maneno hayo hayasimami. Akajaribu njia nyingine. "Ukianza kuzunguka mlango kwa mlango unauliza nani ana sufuria inayotaka kulipuka, kabla ya jioni soko zima litakuwa nayo. Wataongeza chumvi. Watasema umeua. Unga wako utamwagika, kaka, na nakuambia hivi kwa sababu nakuhesabu kama ndugu yangu."

Alikuwa akisema kweli, na Fundi alijua. Wateja wake karibu wote waliletwa na mteja mwingine, mama kwa mama, ngazi kwa ngazi, na kwa njia hiyo hiyo wangeondoka. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Kinoo, nyundo, tupa mbili na jina lake, ndivyo alivyokuwa navyo duniani. Aliuona mfuniko ukiruka. Akauona uso wa dada yule uliokuwa ukicheka kwenye ubavu wa sufuria.

Akasimama. "Nitakwenda kimyakimya. Nitamwambia nimepita kukaza mfuniko kidogo."

"Utakwenda wapi? Unajua anakaa wapi?"

Hakujua.

Na hapa ndipo majivuno yake yalipomgeukia. Mafundi wengine waliandika majina ya wateja na namba za simu kwenye madaftari. Fundi hakuandika kitu, hata kalamu hakuwa nayo. Vyombo vinajitambulisha, alipenda kusema. Nionyeshe kisu chako nikuambie wewe ni nani. Kwa miaka ishirini hakuwahi kumpa mtu sufuria ya mwenzake. Alimjua Mama Ukingo kwa kugonga mwiko ukingoni, alimjua Bwana Chumvi kwa kutu. Lakini kumjua mtu anayekuja kwako ni jambo moja, na kumtafuta mtu huyo mjini ni jambo jingine kabisa.

Alifumba macho ili aione tena ile sufuria. Haikuwa na masizi. Chini ilikuwa na alama za duara ndani ya duara, kwa hiyo ilipikiwa kwenye jiko la umeme. Mpini wake mmoja ulivunjika zamani na kuzungushiwa plasta nyeupe ya hospitali, na aliyeizungusha alijua kazi hiyo, maana kila mzunguko ulifunika nusu ya ule uliotangulia, kama wanavyofunga jeraha. Muuguzi. Pamoja na sufuria dada alileta kisu cha kunoa, na kisu hicho kilikuwa kimeliwa upande ambao visu vya watu wengi haviliwi. Mwenye kisu alitumia mkono wa kushoto. Dada alitoa na kupokea kwa mkono wa kulia, lakini hilo halikuwa na maana yoyote. Mtu aliyelelewa vizuri hupokea kwa kulia hata kama ni wa kushoto.

Muuguzi wa mkono wa kushoto mwenye jiko la umeme. Nyuma ya hospitali kulikuwa na majengo matatu ya ghorofa.

Aliitia valvu kwenye mfuko wa shati, akachukua spana na kipande cha waya, akamwachia Mama Bakuli kibanda. Mama Bakuli alitikisa kichwa, lakini alivuta kiti chake akakaa katikati ya vibanda viwili.

Njiani alikimbia kidogo, akatembea kidogo. Mtu mzima anayekimbia ameshika spana huangaliwa vibaya. Kila alipotembea alijaribu maneno yake. Dada, samahani kwa usumbufu, nimepita kukaza mfuniko. Dada, huwa nina kawaida ya kuwapitia wateja wangu. Hili la pili lilikuwa zuri zaidi, lilimpandisha hata cheo. Maharage yaliyoloweka usiku kucha, kwa jiko la umeme, yatachemka baada ya robo saa, na ukihesabu na kukaanga vitunguu kwanza, mtu anayetaka kula saa saba ataanza lini? Angeanza saa ngapi yeye? Angeanza sasa hivi.

Chini ya jengo la pili mama mmoja alikuwa akianika nguo, vibanio vitatu vimo mdomoni.

"Habari, mama. Namtafuta muuguzi mmoja anayetumia mkono wa kushoto."

Mama alitoa vibanio kimoja kimoja. "Wauguzi hapa wamejaa. Wa mkono wa kushoto sina." Alimtazama Fundi kuanzia viatu. "Kuna wa ghorofa ya tatu, namba kumi na mbili, lakini yeye ni wa kulia. Wa kushoto ni baba yake."

Fundi aliinua macho ghorofa ya tatu. "Baba yake anapika?"

"Apike nani mwingine? Mwanawe yuko kazini mpaka jioni, anakuja saa saba anakula anarudi. Mzee ndiye jiko lote. Wiki iliyopita alipaka dari maharage, tulicheka mpaka tukaogopa." Akaokota shuka lenye maji. "Lakini utagonga mpaka uchoke. Hasikii yule, labda umpigie kelele sikioni. Ngoja nimpigie mwanawe simu."

Fundi hakungoja. Alipanda ngazi mbilimbili, na kila hatua jambo moja lilikuwa likimgonga kichwani. Mzee hasikii. Sufuria ambayo usalama wake wote uko kwenye kelele, inapikwa na mtu asiyesikia.

Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto, namba kumi na mbili. Harufu ya vitunguu ilikuwa imeshajaa ukumbini. Alibandika sikio mlangoni. Alimsikia mzee akiguna wimbo usio na mpangilio, akasikia kiti kikivutwa. Filimbi hakuisikia. Inawezekana haijapata moto, alijiambia, na kwa sekunde mbili akapumua. Kisha, chini ya ile sauti ya mzee, akasikia kitu chembamba, mlio kama wa mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Ulikuwa mpira. Mpira mpya unaobanwa na mvuke uliokosa pa kutokea hulia hivyo.

Laiti angekuwa fundi mbovu. Mpira uliowekwa ovyo ungevujisha mvuke pembeni, na mzee angepata hasara ya maharage tu. Huu aliupima mwenyewe. Usingevujisha hata povu moja.

Alibisha. Alipiga ngumi. Alipiga mlango kwa spana mpaka rangi ikabanduka. Ndani wimbo uliendelea. Alijaribu kitasa, kilikuwa kimefungwa. Aligeuka huku na huko kama mtu aliyepotelewa na mtoto, na ndipo akaona, mwisho wa ukumbi, ubao wa mita za umeme wenye swichi za nyumba zote za ghorofa ile, kila moja na namba yake. Hakuwa na ruhusa ya kugusa umeme wa mtu. Alitafuta kumi na mbili, akaishusha.

Mstari wa mwanga uliokuwa chini ya mlango ulizimika. Wimbo ukakatika.

Zilisikika hatua za kuburuza ndala. Mlango ulifunguliwa na mzee mrefu mwembamba, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, mwiko umo mkono wa kushoto. "Na kwako umeme umekwenda?" aliuliza kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano. "Maana mimi nilikuwa naona taa, ghafla hakuna."

"Mzee, samahani kwa usumbufu," Fundi alianza kwa sauti ile ile ya kibandani, ya kubembeleza wateja. "Huwa nina kawaida ya kuwapitia wateja wangu. Nimekuja kukaza mfuniko."

"Sema juu. Sikio la kulia ni sifuri, la kushoto ni robo."

Fundi alijaribu kwa mikono. Alichora sufuria hewani, akazungusha vidole kama anayekaza nati. Mzee alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayetazama mchezo asiouelewa. Kalamu ingemsaidia sasa.

"Ningoje kidogo," mzee alisema akigeuka. "Nina sufuria jikoni, filimbi yake imekwama, leo haichezi kabisa. Naigonga mara moja inakaa sawa." Na akaondoka, mwiko umeinuka.

Fundi alimrukia. Alimkamata mkono wa mwiko kwa mikono yake miwili, wakagonga ukuta, miwani ikaanguka. Mzee aligeuka na uso wa hasira ya kweli. "Wewe ni nani unayenishika nyumbani kwangu?"

Hapo palikuwa na mlango ulio wazi, ukumbi wenye milango mitano, ngazi inayobeba sauti juu na chini, na mama wa nguo ambaye tayari alikuwa akipanda huku akisema mwanawe hapokei simu. Fundi aliviona vyote. Alisogeza mdomo kwenye sikio la kushoto la mzee. Maneno aliyokuwa ameyapanga njiani yalimtoka kichwani, yakabaki yale mengine.

"Usiiguse. Itapasuka."

"Nini?"

"Itapasuka, mzee. Mimi ndiye fundi. Nimesahau kuweka valvu. Nimeacha bolti."

"Umeacha nini?"

Fundi alivuta pumzi mpaka kifua kikamuuma. "Bolti. Kosa ni langu."

Mzee alimkazia macho. Alikuwa ameshasikia, ilionekana wazi kwamba ameshasikia. "Rudia hilo la mwisho."

"Kosa ni langu," Fundi alipaza sauti, na sauti yake ikateremka ngazi mpaka kwenye kamba za nguo. Mlango mmoja ulifunguliwa, kisha wa juu, kisha wa chini. Nyuma yake alimsikia mama wa nguo akimwambia mtu, wala si kwa kunong'ona, "Ndiye yule wa sokoni. Hata vyombo vyangu vinapelekwaga kwake."

Mkono wa mzee ulilegea. Alirudi nyuma hatua mbili, akakaa kwenye kiti kilichokuwa nyuma ya ukuta, akaelekeza jikoni kwa mwiko kana kwamba anamruhusu mgeni kunawa mikono.

Jiko lilikuwa dogo, na sufuria ilikuwa imekaa kwenye koili ambayo bado ilikuwa na wekundu hafifu. Filimbi ilisimama wima bila kutikisika. Kila kitu ndani ya Fundi kilimwambia atoke. Alipiga moyo konde, akainama chini ya usawa wa meza, akapapasa mpaka akapata kitambaa, akakilowesha kwenye sinki. Alitaka kukifikisha juu ya mfuniko bila kuupeleka mkono. Ukutani ulining'inia upawa wenye mpini mrefu; akakitundika kitambaa kwenye upawa, akaunyoosha, akakidondosha. Mvuke ulipanda. Mlio ule mwembamba uliongezeka kidogo, ukabaki hapo hapo. Akarudi nyuma ya ukuta karibu na mzee, wakangoja.

Kungoja ndiko kulikokuwa kugumu. Kila baada ya dakika kadhaa aliinama tena, akabadilisha kitambaa kwa upawa ule, akarudi. Pale mlangoni watu walikuwa wameongezeka.

Mara ya nne macho yake yalipata nafasi ya kuona. Visu viwili, kirefu na kifupi, vimelala kwenye kibao kilichowekewa kitambaa chini kisiteleze. Sufuria tatu na mifuniko yake. Kikaango cheusi cha chuma. Chungio. Hakuna kingine. Vyote vilipangwa upande wa kushoto, kila kimoja mahali ambapo mkono ule ungekifikia bila macho kusaidia. Mwiko wa akiba ukutani ulikuwa umelika upande mmoja mpaka ukafanana na jani. Fundi alikuwa ameihubiri orodha yake kwa watu mia ngapi sijui, na hakuwahi kuingia kwenye jiko la mtu aliyeishi nayo. Alimpenda mzee yule hapo hapo, na hofu ikamzidi maradufu.

"Umejuaje kuwa haichezi?" alimuuliza sikioni aliporudi.

Mzee aliweka kiganja juu ya meza ndogo iliyoungana na ukuta wa jikoni. "Hapa. Ikicheza naisikia hapa. Leo niliweka mkono, kimya. Nikasema haijapata moto." Alikitazama kiganja chake. "Nikaongeza."

Mlio ulianza kushuka. Ulipungua, ukawa pumzi, ukaisha. Fundi hakuamini mpaka alipobadilisha kitambaa mara tatu zaidi na ubavu wa sufuria ukawa vuguvugu. Alizungusha mfuniko. Ulikubali bila ubishi. Alipouinua na kuchungulia kibomba, hakuona upande wa pili. Alisukuma waya, na ganda moja la haragwe likadondoka mezani, laini, jepesi, la ukubwa wa kucha.

Akaitoa bolti. Spana iliteleza mara mbili. Alifungua kijifuko kwa meno, akaiweka valvu, akaikaza kwa vidole, kisha kwa spana, kisha akaihakikisha tena kwa vidole. Bolti akamkabidhi mzee. Hakujua kwa nini. Aliona tu kuwa si haki kuondoka nayo.

Mzee aliigeuza kiganjani. Ilikuwa inang'aa. "Mwanangu alitaka kuitupa sufuria hii," alisema. "Akasema kuna fundi kamwambia asiitupe."

"Ni mimi."

"Kwamba ni salama kuliko kikaango."

Fundi aliitikia kwa kichwa.

Mzee aliokota miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Alimtazama Fundi, akatazama maharage, akalichukua moja, akalibonyeza kati ya vidole. "Hayajaiva," alisema. "Rudisha umeme."

"Mzee, si lazima iwe leo."

"Mwanangu anakula saa saba. Rudisha umeme, na wewe usimame hapo." Mwiko ulionyesha nafasi kati ya jiko na sinki, ambako mtu akisimama anaweza kuligusa jiko kwa kiwiko.

Fundi alikwenda mwisho wa ukumbi akapandisha swichi ya kumi na mbili, watu wakampisha njia. Akarudi, akasimama alipoonyeshwa. Alijua kila kitu sasa kiko mahali pake, alijua kwa mikono na kwa macho, lakini hakuiondolea valvu macho. Koili ilianza kuwa nyekundu. Mzee alikaa kwenye kiti chake, kiganja mezani, hamwangalii. Zilipita dakika nyingi kuliko alizopenda. Kisha filimbi ikainuka kidogo, ikatema, ikaanza kucheza, na kelele yake ikajaa jiko zima na ukumbi.

"Inacheza," mzee alisema kabla Fundi hajafungua mdomo.

Walisubiri mpaka maharage yakaiva. Mzee alizima jiko mwenyewe. Pale mlangoni Fundi aliuliza, sikioni, kama amwambie dada yeye mwenyewe au mzee atamwambia. Mzee alisema Fundi ameshaliambia jengo zima, mwanawe atakuta habari zimeshapoa. Hakucheka aliposema hivyo, wala hakumpa mkono. Lakini mlango aliufunga taratibu.

Fundi alianza kushuka. Alifika ghorofa ya pili akamkuta mama wa makamo amesimama kwenye ngazi, amemziba njia, sufuria ya presha imo kwapani na mfuniko ameushika mbele yake kwa mikono miwili. Aliikumbuka ile sufuria. Ilikuwa na mpini wa mbao uliochongwa nyumbani.

"Hii uliitengeneza mwaka juzi," mama alisema.

Uso wake haukuonyesha kama amekuja kumdai au kumpa kazi. Chini yake, kwenye kona ya ngazi, ilisikika milango mingine ikifunguliwa na sufuria zikigongana na kuta. Fundi alifuta mikono kwenye suruali, akaupokea mfuniko, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha la ngazi, akaugeuza kutafuta valvu.